Tai wa Bati kwenye Kofia Thelathini

Ajambo mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa Mama Taaka, na najua hatakuachia kabla ya jioni, maana yule hufanya kazi zaidi kwa mdomo kuliko kwa vidole. Basi nina mchana mzima. Begi lako limefungwa na liko mlangoni. Mambo ya sabuni, ya kuamka mapema, ya kumpigia magoti mke wa mjomba wako unapomsalimu hata kama amenuna, tumeyasema mpaka umechoka. Sitayarudia. Nataka kukuandikia juu ya kazi niliyokupa jana jikoni.

Nilikuambia hivi: ukifika Tororo, ukishazoeleka katika karakana ya mjomba wako, utafute kitabu cha michoro chenye jalada la kijani. Kipo, hawezi kuwa amekitupa. Ukikiona, ukifiche katikati ya nguo zako uniletee. Hukuuliza hata swali moja. Ulisema, "Nitakileta, mama," na macho yako yakawaka. Nikageuka nikachochea moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri, kwa sababu macho yale niliyatambua. Ni macho yangu mwenyewe, siku niliyochora kofia.

Kazi hiyo naifuta. Ila siwezi kukuambia tu usiifanye, halafu ninyamaze. Nusu ya habari hii unaijua, na hiyo nusu nilikupa mimi, kwa vile ilinifaa mimi.

Unajua kwamba mimi na mjomba wako Wandera tulikuwa na jeshi. Nchi yetu ilianzia kwenye mtaro nyuma ya jiko la babu yako, kule Buhehe, ikaishia kwenye mihogo ya jirani. Tuliliita Jeshi la Mtaro. Mimi nilikuwa na miaka saba nikawa jenerali, yeye miaka kumi na moja na alikuwa koplo, kwa sababu penseli ilikuwa yangu. Nilichora sare, yeye akazishona kwa magunia na sindano ya kushonea mikeka. Hata wakati ule mkono wake ulikuwa mzuri. Siwezi kumnyima hilo.

Siku moja nilipaka gunia majani yaliyopondwa na masizi, madoa madoa, kama nguo za wanajeshi tuliowaona mpakani. Wandera akalivaa akapiga kwata mbele ya nyumba. Babu yako alitoka, akamvua, akalitia gunia motoni, kisha akatuchapa wote wawili. "Mnataka watu waje watuchukue?" alisema. "Mnataka niwaambie nini? Kwamba ni mchezo?" Wewe umekulia hapa, unajua kwamba raia kukutwa na rangi za jeshi si jambo la kucheka. Nimeona mtu akivuliwa shati barabarani. Tangu siku ile, kama nilitaka askari, ilinibidi niwabuni wasiofanana na askari yeyote aliye hai. Makoti ya zambarau. Mikanda ya manjano. Mifuko mgongoni. Hofu ya baba yangu ndiyo iliyonifundisha kubuni, na sijui kama niliwahi kumshukuru.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na nane. Babu yako hakupiga kelele. Alikuchukua mikononi, akakuangalia, akasema, "Huyu nitamlea mimi. Wewe rudi shule." Nikavuka mpaka kila asubuhi kwenda shule upande wa Kenya, kisha nikaenda chuo kusoma historia, nikakuacha mgongoni kwa mzee wa miaka sabini. Chuoni ndipo nilipoona picha za zamani za askari waliopelekwa vitani, wale wa kizazi cha baba yake babu yako, aliyepelekwa kusini kupigana na Mjerumani akarudi bila vidole viwili vya mguu. Nilianza kuwachora. Nilichora askari wa upande wetu na wa upande wa Mjerumani. Nilichora wapagazi, ambao hawakupewa sare, ila kipande cha bati chenye namba shingoni. Halafu nilirudia majeshi yangu ya uongo, safari hii nikijua jinsi ya kuyafanya yaaminike. Michoro arobaini, katika kitabu cha jalada la kijani.

Hayo ndiyo niliyokufundisha tangu ukiwa na miaka sita, hata kama hukujua yalikotoka. Usianze na uso, anza na mabega, kwa maana sare huning'inia pale. Kifungo kwanza, halafu tundu. Mfuko unaonyesha jeshi linaogopa nini: wanaoogopa njaa huwa na mifuko mikubwa. Nguo mpya haipendezi kwenye karatasi, ifue kwanza kichwani mwako mara ishirini ndipo uichore. Kosa langu lilikuwa moja tu. Katika kurasa zote arobaini sikuandika jina langu hata mahali pamoja. Niliona ni majivuno.

Wandera alikuwa ameanza karakana Tororo, cherehani tatu, anashona sweta za shule na sare za walinzi. Alikuja akakiazima kile kitabu. "Nikamwonyeshe mteja mmoja tu, sister. Jumapili nakirudisha." Jumapili hiyo haijafika mpaka leo.

Baada ya miezi michache niliona bendi ya kanisa kule Nagongera ikipiga tarumbeta katika koti langu la zambarau. Nilisimama kando ya barabara sokoni huku watu wakinipita na mihogo, nikahesabu vifungo. Vilikuwa kumi na moja, kama nilivyochora. Halafu kikundi cha maigizo kikavaa askari wangu wa vita vya zamani. Halafu siku moja, katika chumba cha walimu, nikila githeri ya mahindi na maharagwe, redio ikamleta mjomba wako. Mtangazaji alimwuliza alianza lini kuchora.

"Tangu mdogo kabisa. Hii kitu iko kwa damu."

"Na kuna mtu alikusaidia?"

Akacheka. "Dada yangu alikuwa ananichongea penseli."

Mwalimu mwenzangu akanigeukia. "Kumbe una ndugu msanii na hutuambii?" Niliendelea kula. Nilimaliza sahani yote. Sitasahau kwamba niliimaliza.

Nilikwenda Tororo nikadai kitabu changu. Alikuwa amepiga magoti akipima suruali ya mlinzi mmoja, hakusimama. "Nabwire, wewe uko na digrii," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mimi niko na hii. Nataka zote mbili?" Ndivyo asemavyo, unajua Kiswahili chake, alimaanisha mimi ndiye ninayetaka zote mbili. Nikamwambia michoro ni yangu. Akasema, "Karatasi haivaliwi. Mimi ndiye nimevalisha watu." Yule mlinzi akatikisa kichwa kukubali. Nilimpelekea babu yako shauri hilo, naye akasema ninyi ni tumbo moja, acheni. Kwa hiyo niliacha, kwa mdomo.

Ndani sikuacha. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikifundisha, nikikupikia, nikikukagua kucha, na chini ya yote hayo nilikuwa nikisubiri. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kusubiri kwa utulivu kabisa, hata akawa mpole. Watu walinisifu upole wangu miaka ile.

Kisha kamati moja ya Tororo ikaamua kuwakumbuka wazee waliokwenda vitani. Vijana thelathini wangepita uwanjani katika sare za enzi zile, na kazi wakampa Wandera. Alikuja kwangu na mkungu wa ndizi begani. Hakutaja kitabu. Alisema, "Nichoree kofia tu, dada. Shati najua, suruali najua. Ile kofia katika picha haionekani vizuri." Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuwa mkubwa, alinihitaji na alijua kwamba alinihitaji.

Nitakueleza kofia ile, kwa sababu wewe utaelewa. Askari wa pande zote mbili walivaa kofia za kaki zinazofanana, zenye kitambaa cha kufunika kisogo. Mtu asiyejua hawezi kuzitofautisha. Tofauti ilikuwa mbele. Wetu niliowaona katika picha walikuwa na namba ya kikosi. Wale wa Mjerumani walikuwa na tai wa bati, mabawa wazi.

Nilimchorea tai.

Nilijua hatauliza. Mtu wa Uganda akiona ndege mbele ya kofia, huyo kwake ni korongo wetu, yule wa bendera. Amemwona shuleni, amemwona kwenye pesa, amemwona ofisini. Haangalii tena kama ana kishungi. Mtu wa mahali pengine popote angeuliza huyu ni ndege gani. Wandera aliitazama karatasi, akasema, "Na hii ndege yetu nitakata bati," akaukunja mchoro akautia mfukoni. Nikamtengenezea chai.

Halafu kulikuwa na sehemu ya pili ya mtego, ndiyo niliyojivunia. Kosa likijulikana, atafanyaje? Aseme ni mimi niliyechora? Basi atakuwa amekiri mbele ya Tororo nzima kwamba kuna mtu anayemchorea. Anyamaze? Basi aibu ni yake peke yake. Nililifikiria hilo nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, na nililipenda.

Ulikuwepo siku ile. Ulikuwa na miaka minane, umevaa gauni la bluu, umekaa na babu yako mstari wa mbele, kwa kuwa watoto wa wale askari waliwekewa viti. Mimi nilisimama nyuma ili nimwone Wandera vizuri. Vijana waliingia wakipiga kwata, thelathini, miguu peku, kaki imefuliwa mpaka imefifia kama inavyotakiwa, na mbele ya kila kofia bati linameta. Alishona vizuri mno.

Na babu yako akasimama. Hilo sikulipanga. Alijiinua kwa mkongojo, akauachia ukaanguka, akapiga saluti. Alisimama hivyo mpaka mstari wote ulipopita, machozi yakimfika kidevuni, kwa ajili ya baba yake.

Kisha mgeni mmoja, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kenya, akaomba kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa ya heshima. "Samahani sana, mwenyekiti. Ndege yule hana kishungi. Yule si korongo. Yule ni tai wa Mjerumani. Hawa vijana wamevaa kama waliowaua wazee wetu."

Halafu kijana mmoja wa boda aliyekaa juu ya pikipiki yake nje ya kamba akasema kwa sauti, "Na huyu mzee amempigia Mjerumani saluti!"

Uwanja mzima ulicheka. Wewe ukamvuta babu shati ukamwuliza, kwa lile jina la kwetu la babu, "Kuku, wanacheka nini?" Yeye mkono ulikuwa bado haujashuka vizuri.

Wandera aliitwa mbele. Niliona uso wake, Ajambo. Niliuona ukitafuta, ukinitafuta mimi katika watu, ukanipata. Tulitazamana. Kisha akashika kipaza sauti akasema, "Kosa ni langu. Sikuangalia vizuri." Mtego ulinasa kama nilivyoupima. Kwa mwaka mzima hakupata kazi yoyote ya maana. Nami nilifurahi. Nakuambia ukweli kwa sababu kesho unaondoka na sitaki uondoke na mama wa kubuni: nilifurahi kwa siku kadhaa, kwa furaha safi, nikaimba nikifua nguo.

Halafu jina likafika Buhehe. Babu yako alikwenda dukani kununua chumvi, mwenye duka akamwambia, "Mjerumani, umeamkaje?" Hakuwa mtu mbaya, alitaka kucheka tu. Lakini jina hilo lilimganda. Watoto walikuwa wakimpita njiani wakimpigia saluti. Yeye aliyelelewa na mtu asiye na vidole viwili vya mguu kwa sababu ya vita vile. Jioni moja aliniuliza, "Nabwire, wewe ndiye uliyesoma mambo haya. Ndugu yako hakukuonyesha ile kofia?"

Nikasema, "Hapana, baba."

Alifariki miaka miwili baadaye na jibu hilo. Hata siku ya maziko nilisikia mtu nyuma ya hema akinong'ona, "Ndiye yule Mjerumani." Baada ya kufukia kaburi, Wandera alinifuata nyuma ya jiko, pale mtaroni. Alikuwa na udongo kwenye viatu.

"Ile ndege ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na mzee?"

"Sikujua atasimama."

Alikung'uta kiatu. "Mimi niliiba," akasema. "Sawa. Lakini mimi sikuiba kwa mzee." Akaondoka. Sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia wakati ule, kwa sababu alikuwa amesema kweli na bado alikuwa na kitabu changu.

Hiyo ndiyo nusu usiyoijua. Alipopiga simu mwezi uliopita akasema, "Nipe mtoto, nimeona mkono wake, aje ajifunze kukata," nilikubali haraka mpaka wewe ukashangaa. Ulidhani nimemsamehe. Sikumsamehe. Niliona mlango umefunguka, na nina mtu wa kumwingiza. Miaka yote ile nilipokuwa nakushika mkono ukichora mabega, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inakufundisha kuchora, na sehemu nyingine ilikuwa inaandikisha askari. Jana jikoni nilimpa askari huyo amri ya kwanza, naye akaitika bila swali. Niliogopa. Nilijua hata kama ungekileta kitabu, mimi ningekuwa nacho na wewe ungekuwa umejua utamu ule nilioujua mimi, wa kumtazama mtu wa damu yako na kumpima pa kumvunja. Utamu wenyewe haukuchukua muda. Baada yake nililazimika kuishi na baba yangu nyumba moja.

Kwa hiyo nenda Tororo ukajifunze. Mjomba wako ni fundi, hakuna mkasi kama wake kutoka hapa hadi Mbale, na ninayasema haya huku meno yangu yakisagana. Atakuomba mchoro. Mpe kama unapenda kumpa, lakini jina lako liwe chini yake kabla karatasi haijaondoka mezani. Akisema ni majivuno, mwache aseme.

Kitabu nitakifuata mwenyewe. Sitakwenda na wewe kesho, nataka kwanza akujue kwa mikono yako. Nitakuja baada ya mwezi, siku ya soko, karakana ikiwa imejaa wateja, na nitakidai mbele yao. Usidhani nimekuwa mpole. Nataka niuone uso wake ukikosa pa kwenda. Atasema nithibitishe, maana jina langu halimo. Nami nina uthibitisho mmoja tu ambao hawezi kuukataa bila kubaki na aibu ile peke yake: kofia. Nitawaambia kwamba tai yule nilimchora mimi, kwa kusudi, na kwa nini. Siwezi kudai michoro arobaini na kumkana huyo mmoja. Habari itafika Buhehe kabla sijafika nyumbani. Watajua babu yako alichekwa kwa kazi ya mkono wa binti yake, na lile jina, kama bado wanalitaka, watanipa mimi. Nilipaswa kulichukua akiwa hai.

Huenda mjomba wako akakasirika akakurudisha siku ileile. Nimeliwaza hilo kuliko yote, kwa kuwa nafasi ni yako na mimi ndiye ninayeihatarisha. Akikurudisha, rudi. Nitakutafutia fundi mwingine hata upande wa pili wa mpaka, na hutakuwa umeiba kitu kwa mtu. Akikuuliza kama ulijua, usidanganye kwa ajili yangu. Mwambie ulijua, mama alikuandikia. Akitaka, msomee.

Na siku hiyo, ukiniona mlangoni, usiinuke kunipokea mkoba. Usije kusimama upande wangu. Utakuwa na kitambaa cha mtu mezani, umekwisha kukipiga mstari wa chaki. Kikate, na ufuate mstari.

Mama yako,
Nabwire